Bonsai za Miti ya Australia: DAP Weka Pembeni

Vijana, swali ninaloulizwa sana kuhusu bonsai ni hili: "Afisa, mbona mgrivea wangu unaungua kingo za majani, na mbolea naweka?" Sasa, hiyo mbolea ndiyo ya kuangalia kwanza.

Sehemu kubwa ya Australia ina udongo mzee, uliochoka, wenye fosforasi kidogo mno. Banksia na miti mingi ya ukoo wa mgrivea imejijengea vishada vya vijimizizi laini vya kufyonza hata chembe iliyobaki. Kufyonza inaweza, kujizuia haijui vizuri. Ukiiwekea DAP, yaani 18-46-0, kwenye chungu chenye kina cha vidole vinne, inafyonza mpaka inajidhuru: majani yanapauka, kingo zinaungua, mti unakufa. Samadi ya kuku nayo ina fosforasi nyingi, iachie mahindi. Na usiniambie mgrivea wa kwenye kahawa mbona hauna shida! Kule mizizi ina pa kukimbilia, kwenye chungu haina.

Tumia mbolea ambayo namba ya katikati ni ndogo kabisa, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, na uweke pale tu mti unapochipua.

Jambo lingine ni vitabu. Vingi vinafundisha miti ya Japani inayopukutisha majani, vinasema kata mizizi baridi inapoisha, kabla mti haujaamka. Miti mingi ya Australia haipukutishi, na wakuzaji wengi wa huko husubiri joto, mti ukiwa unakua, ndipo wanapogusa mizizi. Kwa hiyo ninyi wa nyanda za juu, Juni na Julai acheni kabisa. Ukishakata, weka kivulini wiki kadhaa na chungu kisikauke.

Uanze na upi? Mkaratusi una jina, lakini majani yake ni makubwa, na tawi likishakomaa ukilipinda kwa waya linavunjika. Mimi nakushauri kalistemoni, ule wa maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa. Unapenda maji, unavumilia kukatwa mizizi, na ukikata shina kubwa unachipua hata kwenye mti wa zamani. Pogoa mara maua yanapokwisha, maana ukichelewa unakata maua ya msimu ujao. Wenzetu wa Australia pia wanapenda sana mti wa jamii ya mkuyu uitwao Port Jackson. Bonsai za miti yao ya asili zinaonyeshwa hata Canberra, kwenye bustani ya miti ya taifa.

Kibiashara, usinunue mbegu ukasubiri miaka. Tafuta kalistemoni iliyosahaulika kitaluni, yenye shina nene chini, uishushe kimo taratibu. Na tafadhali, mti uliokatwa mizizi wiki iliyopita usimuuzie mtu. Subiri machipukizi mapya yakomae kwanza, la sivyo mteja atakurudishia kijiti.