Bima Iliyojificha Ndani ya Mkopo wa Gari

Miongoni mwa habari ambazo ndugu zetu wanaoishi Uingereza huwasimulia jamaa zao wa visiwani ni ile ya mabenki kulazimishwa kuwarudishia wakopaji fedha zao. Wapo wanaoisikia wakadhani ni porojo za vibarazani. Si porojo. Tangu Januari 2011 hadi mwisho wa mwaka 2019, mabenki na makampuni ya mikopo ya Uingereza yalilipa zaidi ya pauni bilioni 38 kwa watu waliouziwa bima isiyowafaa, bima iliyobandikwa juu ya mikopo ya fedha taslimu, ya nyumba, ya kadi za benki na ya magari.

Leo tunapenda kuizungumzia bima hiyo, khasa ile ya mikopo ya magari, kwa ajili ya makundi mawili ya wasomaji. La kwanza ni wale wenye jamaa huko, au waliowahi kuishi huko wakarejea na karatasi zao sandukuni. La pili ni maofisa wetu wanaosimamia makato ya mishahara ya watumishi, kwani mkopo wenye bima ndani yake si mgeni tena katika ofisi zetu.

Bima yenyewe, kwa asili yake, ilikuwa jambo la heri. Mtu akikopa kisha akaugua, akaumia au akaachishwa kazi, kampuni ya bima humlipia marejesho kwa muda, aghalabu mwaka mmoja. Akifa, deni hulipwa. Nani atakayekataa kinga ya namna hiyo? Ubaya haukuwa katika fikra, ulikuwa katika namna ya kuuza.

Mnunuzi wa gari alifika dukani, akachagua gari, akapatana bei. Baada ya hapo alikaribishwa mezani kwa karani wa mikopo. Hapo moyo wake umekwisha kuwa barabarani. Anachotaka ni funguo. Karani alimtajia kiasi kimoja tu, cha kulipa kila mwezi. Ndani ya kiasi hicho mlikuwa na bei ya gari, riba, na bima ambayo mnunuzi hakuiomba. Pengine kisanduku cha kukubali bima kilikuwa kimekwisha kutiwa alama kabla ya fomu kumfikia. Wengine waliambiwa waziwazi kwamba bila ya bima mkopo hautapita, na hilo halikuwa kweli.

Mtindo uliowaumiza watu zaidi ulikuwa ule wa ada ya bima kulipwa yote kwa mara moja mwanzoni, nayo ikajumlishwa katika deni. Tuchukue mfano wa hesabu. Mtu amekopa pauni 5,000 kwa miaka mitano, na juu yake imewekwa ada ya bima ya pauni 1,000. Deni sasa ni 6,000, na riba inahesabiwa juu ya zote. Kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, ile bima ya pauni 1,000 humgharimu kiasi cha pauni 1,275 hadi anapomaliza. Amelipia bima, na amelipia riba ya bima.

Na lipo lingine. Wenzetu wa huko wana desturi ya kubadilisha gari kabla deni halijesha. Mkopo wa kwanza hufungwa na mpya hufunguliwa. Kwa kuwa ada ya bima ilikwisha kulipwa yote mwanzoni kwa fedha za mkopo, mteja alistahiki kurudishiwa sehemu ya muda uliobaki. Lakini alichorudishiwa kilikuwa kidogo kuliko anachokitegemea mtu mwenye akili ya kawaida ya hesabu, kisha akauziwa bima nyingine juu ya mkopo mpya. Alikuwa akilipia kinga ya miaka ambayo hatakuwa nayo.

Nani basi aliyeuziwa isivyostahiki? Kwanza, yule asiyeweza kudai hata siku moja. Mwenye kazi yake mwenyewe, dereva wa teksi au muuza duka, aliuziwa kinga ya kuachishwa kazi ilhali masharti yalifanya dai lake liwe gumu mno au lisiwezekane. Mstaafu aliuziwa kinga ya kazi asiyokuwa nayo. Mwenye maradhi ya zamani, kama vile maumivu ya mgongo, hakuulizwa juu ya afya yake, na siku alipougua akaonyeshwa kifungu kinachoyatoa maradhi hayo. Pili, yule ambaye mwajiri wake alikuwa akimlipa mshahara kamili miezi mingi anapokuwa mgonjwa, hata bima haikuwa na la kumwongezea. Tatu, yule ambaye hakuambiwa kuwa bima ipo. Wa mwisho hawa walikuwa wengi, na baadhi yao waligundua miaka mingi baadaye, walipoutoa mkataba kabatini na kuusoma kwa mara ya kwanza.

Mapambano yenyewe hayakuanzia mahakamani. Mnamo Septemba 2005 Citizens Advice, shirika linalowapa raia ushauri bila ya malipo, lilipeleka shitaka rasmi serikalini juu ya biashara hii yote. Lilikuwa limekusanya malalamiko ya watu wa kawaida waliofika katika vituo vyake na karatasi mkononi, na likaonyesha kwamba malalamiko hayo yanafanana. Mwezi Januari mwaka huohuo uuzaji wa bima ya namna hii ulikuwa umeingia chini ya mamlaka iliyosimamia mambo ya fedha. Baada ya uchunguzi, Tume ya Ushindani ilitoa ripoti yake mwaka 2009, na amri iliyofuata mwaka 2011 ikapiga marufuku ada ya kulipwa yote kwa mara moja, na ikakataza mkopeshaji kumuuzia mteja bima hii wakati uleule anapomuuzia mkopo. Hapana budi siku saba zipite, isipokuwa mteja mwenyewe airejelee habari hiyo kwanza. Siku saba! Ni muda mdogo, lakini humtoa mtu mezani pa karani na kumpeleka nyumbani kwake, akakaa na mkewe au mumewe wakapiga hesabu.

Mabenki hayakukubali kirahisi. Agosti 2010 mamlaka ilitoa kanuni za namna ya kuyashughulikia malalamiko, zikiwemo za bima zilizouzwa zamani. Chama cha Mabenki ya Uingereza kilikwenda Mahakama Kuu kuzipinga, kikishindwa tarehe 20 Aprili 2011. Siku chache baadaye benki ya Lloyds ilijitoa katika ugomvi huo na kutenga pauni bilioni 3.2 kwa ajili ya kuwalipa wateja, na tarehe 9 Mei chama kikatangaza kwamba hakitakata rufaa. Tangu hapo mlango ulifunguka.

Njia ya kudai ilikuwa nyepesi, na hapa ndipo tunapoona busara ya mpango ule. Mdai aliandika barua kwa aliyemuuzia, akieleza jina lake, namba ya mkataba, hali yake ya kazi na afya wakati ule, na namna alivyouziwa. Mkopeshaji alikuwa na wiki nane za kutoa jibu la mwisho. Mdai asiporidhika, alikuwa na miezi sita ya kulipeleka shauri kwa Msuluhishi wa Malalamiko ya Fedha, ofisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2000, ambayo haimtozi mwananchi hata peni. Hakuhitaji wakili. Dai likikubaliwa, alirudishiwa ada yote ya bima, riba aliyotozwa juu ya ada hiyo, na nyongeza ya asilimia 8 kwa mwaka kwa muda wote ambao fedha zake zilikuwa mikononi mwa wengine. Nyongeza hiyo ya mwisho hukatwa kodi, jambo lililowashangaza wengi.

Kwa mikopo ya magari palikuwa na fundo moja: aliyeuza bima ni nani? Pengine ni kampuni ya mikopo, pengine ni duka la magari lenyewe, na maduka ya magari hufunguliwa na kufungwa. Mdai aliyepeleka barua yake kwa asiyehusika alipoteza miezi. Mkataba ndio uliotoa jibu, na aliyeuhifadhi alikuwa mbele ya mwenzake.

Kama ilivyo desturi ya dunia, penye asali nzi hawakosi. Yalizuka makampuni ya kuwadaia watu, yakipiga simu usiku na mchana na kuchukua robo ya fedha au zaidi kwa kazi ya kuandika barua ambayo kijana yeyote aliyemaliza skuli angeweza kumwandikia mama yake. Hadi Julai 2018 ndipo sheria ilipoweka kikomo cha asilimia 20, bila ya kuhesabu kodi. Matapeli nao hawakubaki nyuma: walimpigia mtu simu wakamwambia kuna fedha zake, atume kwanza ada ndogo. Fedha hizo hazikuwapo.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliongeza sababu nyingine ya kudai. Bibi Plevin, mjane na mhadhiri wa chuo, alikopa pauni 34,000 kwa miaka kumi kutoka kampuni ya Paragon. Mkopo wake haukuwa wa gari, lakini hukumu yake iliwagusa wenye magari pia. Juu ya mkopo iliwekwa bima ya pauni 5,780, na bima hiyo ilikuwa ya miaka mitano tu. Katika fedha hizo, asilimia 71.8 ilikuwa kamisheni ya dalali na ya mkopeshaji. Kampuni ya bima yenyewe ilipata pauni 1,630. Bibi huyo hakuambiwa. Mahakama ilisema kwamba kumficha mkopaji kamisheni kubwa kiasi hicho kunaufanya uhusiano baina yake na mkopeshaji usiwe wa haki. Baadaye mamlaka iliweka kipimo cha nusu: kamisheni iliyofichwa ikizidi asilimia 50 ya ada, kilichozidi hurudishwa, hata kama bima yenyewe iliuzwa kwa njia iliyo sawa.

Mlango ulifungwa tarehe 29 Agosti 2019. Mamlaka ilitangaza siku hiyo kwa miaka miwili, kwa tangazo lililoonyesha kichwa cha bandia cha mwigizaji Arnold Schwarzenegger kikiwafokea watu waamue. Tangazo la ajabu, lakini lilisikika. Baada ya tarehe hiyo malalamiko ya kawaida hayapokelewi ila kwa udhuru mzito, na iliyobaki ni njia ya mahakama, yenye gharama na mipaka. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kuwa mtu anayedai kwa hoja ya uhusiano usio wa haki ana miaka sita tangu uhusiano huo ulipokwisha. Kwa hiyo aliyemaliza kulipia gari lake zamani hizo, tunasikitika kumwambia, aghalabu muda umempita.

Iko habari nyingine ya magari ambayo isichanganywe na hii. Inahusu kamisheni iliyolipwa kwa wauza magari kutokana na mikopo yenyewe, si bima. Mtindo wa muuzaji kujipandishia kamisheni kwa kumpandishia mteja riba ulipigwa marufuku Januari 2021. Tarehe 1 Agosti 2025 Mahakama ya Juu ilikataa hoja nyingi za wadai, lakini ilimkubalia mmoja, Bwana Johnson, ambaye kamisheni aliyofichwa ilikuwa asilimia 55 ya gharama yote ya mkopo wake. Oktoba 2025 mamlaka ya fedha ilitangaza mapendekezo ya mpango wa kuwalipa waliokopa magari tangu Aprili 2007 hadi Novemba 2024. Jamaa yetu anayehusika na aiulize mamlaka yenyewe, wala asitie saini karatasi ya wakala yeyote kabla ya kufanya hivyo.

Sasa tugeukie kwetu. Mtumishi anayechukua mkopo wa mshahara katika benki zetu aghalabu hukatwa fedha ya bima ya mkopo papo hapo, kabla ya salio kuingia katika hesabu yake. Bima hii tusiibeze; mjane asiyefuatwa na deni la marehemu mumewe anajua thamani yake. Wala hatusemi kwamba mabenki yetu yametenda yaliyotendwa Uingereza. Tunachouliza ni iwapo mtumishi anaambiwa, kwa Kiswahili na kwa tarakimu, ada hiyo ni kiasi gani, nani anapata kamisheni, na inamkinga na nini. Ofisa wa utumishi anayegonga muhuri wa fomu ana nafasi ya kumuuliza maswali hayo; ni dakika tano za kazi yake.

Vyombo vya kuyapeleka malalamiko tunavyo. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima na kuweka msuluhishi wa migogoro ya bima. Benki Kuu ilitoa kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019. Lakini mtumishi wa Micheweni au Makunduchi asiyejua kwamba katika makato yake mna bima, atalalamika juu ya nini?

Jambo linalotushughulisha zaidi ni nyongeza ya mkopo. Mwalimu amekopa kwa miaka sita. Baada ya miaka miwili anaongeza, mkopo wa zamani unafungwa na mpya unaanza, na bima mpya inakatwa. Ile ya zamani alikwisha kuilipia miaka sita. Miaka minne iliyobaki amerudishiwa? Ni hesabu ileile ya mnunuzi wa gari wa Uingereza anayebadilisha gari kabla ya deni kwisha. Wizara zinazohusika na fedha na utumishi zinaweza kuyataka mabenki, kwa barua ya ukurasa mmoja, yaonyeshe katika kila fomu ya nyongeza mstari wa bima iliyorudishwa, na pale ambapo hakuna kilichorudishwa, yaandike sababu.