Chachu ya pombe ya mtama na ramani ya kromatini

Kromatini ni DNA pamoja na protini zinazoifungasha ndani ya kiini cha seli. Chachu iitwayo Schizosaccharomyces pombe ina DNA yenye jozi za besi zipatazo milioni 14, iliyogawanyika katika kromosomu tatu tu. Sehemu kubwa ya DNA hiyo imezungushwa kwenye vifundo vya protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Kila kifundo kina histoni nane na hubeba jozi 147. Kikiwa na DNA yake huitwa nyukliosomu. Jeni ambayo mwanzo wake umefunikwa na nyukliosomu husomwa kwa shida, na ile ambayo mwanzo wake uko wazi husomwa kwa urahisi. Ndiyo maana mfuatano wa DNA peke yake, ambao kwa chachu hii ulitangazwa mwaka 2002, hauelezi seli inafanya nini.

Jina la chachu hii lilitoka kwenye vyungu vya Afrika Mashariki. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857 akifuata njia ya misafara kutoka pwani, aliieleza pombe aliyoikuta njiani: nusu ya nafaka, mtama au uwele, huloweshwa mpaka ichipue kuwa kimea, hutwangwa na kuchanganywa na unga wa nusu iliyobaki, wakati mwingine na asali kidogo. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na chachu iliyomo kwenye nafaka na vyungu huigeuza sukari kuwa kilevi. Machicha ya pombe ya aina hiyo kutoka Afrika Mashariki yalifika Ujerumani, na mwaka 1893 mwanasayansi Paul Lindner akaitambulisha chachu aliyoiona humo. Ina umbo la kijiti na hujigawa katikati, tofauti na hamira ya mkate, ambayo huchipua kijichembe pembeni. Hata hivyo, nasaba inayotumika leo katika maabara nyingi haikutoka kwenye mtama. Ilipatikana katika juisi ya zabibu ya Ufaransa, na Urs Leupold wa Uswisi akaanza kuichunguza kijenetiki katika miaka ya 1940. Spishi ni ileile.

Kuchora ramani ya nyukliosomu huanza na kimeng'enya kinachokata DNA. Kimeng'enya hicho hula sehemu zilizo wazi kati ya nyukliosomu na kuacha zile zilizokingwa na histoni. Vipande vinavyobaki husomwa kwa mashine, kisha kila kimoja hutafutiwa mahali pake kwenye kromosomu. Panapolundikana vipande vingi ndipo nyukliosomu hukaa. Mwaka 2010 ramani ya nyukliosomu ilichorwa kwa DNA yote ya S. pombe, ikaonyesha nyukliosomu zimepangana kila baada ya jozi 154 hivi, kwa msongamano unaozidi ule wa hamira ya mkate, ambako nafasi ni kama jozi 165. Jambo la kushangaza zaidi lilikuwa jingine. Katika hamira ya mkate, mistari mirefu ya herufi A na T za DNA hufukuza nyukliosomu. Katika chachu ya pombe haifanyi hivyo. Kanuni iliyodhaniwa kuwa ya chachu zote haikuwa ya zote.

Protini nyingine hutafutwa kwa njia tofauti. Seli hutiwa fomaldehaidi, kemikali iliyomo kwenye fomalini ya mochwari, ili protini zigande pale zilipoishika DNA. Kromatini huvunjwavunjwa, kisha kingamwili inayoitambua protini moja tu huivuta pamoja na kipande chake cha DNA, nacho husomwa. Kwa njia hii protini iitwayo Swi6 ilionekana imeng'ang'ania kwenye sentromia, yaani sehemu ambayo kromosomu hushikwa seli inapogawanyika, na kwenye ncha za kromosomu, mahali ambapo histoni zimewekwa alama ya kemikali inayonyamazisha jeni. Binadamu ana protini za jamii hiyohiyo, na alama ni ileile. Alama hiyo ikikosekana kwenye sentromia, seli inapogawanyika kromosomu hugawanywa vibaya.

Umuhimu wa ramani hizi kwa tiba ulidhihirika mwaka 2020. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walikuza S. pombe kwenye kafeini nyingi kiasi cha kuiua. Seli chache zilipona, na baadhi yake hazikuwa na badiliko lolote la DNA la kueleza usugu huo. Ramani ya alama za histoni ndiyo iliyotoa jibu: visiwa vipya vya kromatini iliyonyamaza vilikuwa vimejitokeza juu ya jeni fulani na kuzizima. Seli hizo zilistahimili pia dawa za fangasi kama klotrimazoli, inayopakwa kwenye ngozi, na flukonazoli, ambayo hutumika kwa homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka kwa watu wenye VVU. Kafeini ilipoondolewa kwa muda, alama zilifutika na usugu ukaisha. Kipimo kinachosoma mfuatano wa DNA peke yake kingezitaja seli hizo kuwa za kawaida, ilhali dawa imeshindwa kuziua.