Chembe zisizopenda jokofu

Kila Waislamu wa Bukoba na Muleba wanapohamasishwa kuchangia damu, huulizwa: ikiwa damu hukaa kwenye jokofu zaidi ya mwezi, mbona tunaitwa tena na tena? Jawabu limo katika chembe sahani, zile zinazoziba tundu la mshipa na kuanza kugandisha damu.

Chembe nyekundu hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 6 za sentigredi kwa siku 35 hadi 42. Chembe sahani hazitaki baridi. Zikipoa huacha umbo la sahani na kuviringana, na zikiongezwa kwa mgonjwa, ini huziondoa upesi. Mwaka 1969 Scott Murphy na Frank Gardner wa Marekani walionyesha kuwa ni bora zitunzwe katika joto la kawaida la chumba. Ndiyo maana huwekwa kwenye nyuzi 20 hadi 24, juu ya mashine inayozitikisa polepole usiku na mchana, na kwa kawaida muda wake ni siku 5 tu. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu za baridi hadi siku 14, lakini kwa mgonjwa anayevuja damu, pale zile za kawaida zinapokosekana.

Kinachofupisha muda huo zaidi ni bakteria. Joto linalozifaa chembe sahani linawafaa wao pia, na wengi hutoka kwenye ngozi ya mchangiaji mwenyewe. Hapa usafi si jambo la mapambo. Udhu ni tohara ya ibada, lakini hauui vijidudu waliojificha kwenye ngozi. Muuguzi akishapaka dawa mkononi, acha ikauke, wala usipaguse tena kumwonyesha mshipa ulipo.

Sasa tazama jiografia yetu. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Ziwa kiko Mwanza. Chembe sahani zinaweza kustahimili hadi saa 24 bila kutikiswa, kwa hiyo meli ya usiku si tatizo kubwa, maadamu sanduku halina barafu. (Mawimbi ya ziwa hayahesabiwi kuwa mashine!) Lakini mama anayetokwa damu baada ya kujifungua Bumbire au Goziba ana mtumbwi kwanza, kisha barabara. Huyo huokolewa na damu iliyokwisha kupimwa, iliyo karibu naye.

Isitoshe, dozi moja ya mtu mzima hukusanywa kutoka kwa wachangiaji 4 hadi 6. Wagonjwa wa malaria, ambao Muleba tunawajua vyema, chembe hizi huwashuka, ila mara nyingi hupanda zenyewe baada ya dawa. Wahitaji hasa ni wenye saratani ya damu na wanaovuja damu nyingi.

Kwa hiyo mkusanyiko mmoja mkubwa wa Maulidi, hata ukijaza mifuko mia, hauachi chembe sahani za wiki ya pili yake. Ni afadhali misikiti ipeane zamu: Ijumaa hii Hamugembe, ijayo Kashai, kisha Kamachumu na Nshamba. Mwanamume huchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi. Ramadhani, timu ya damu iombwe kuja baada ya futari, na mchangiaji awe amekunywa maji ya kutosha.