Anaishi kisiwani, kuogelea hajui!

MWEZI Februari 1998, Mkenya Philip Boit alifika wa mwisho, nambari 92, katika mbio za kilomita 10 za kuteleza thelujini kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Nagano, Japan. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa amemaliza yapata dakika 20 mapema, lakini alimngoja Boit na kumkumbatia. Boit naye baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Wengi wanalikumbuka kumbatio hilo. Wachache hujiuliza ni kwa nini tofauti ilikuwa kubwa kiasi hicho. Boit, aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800, alifunga mbao zile ndefu miguuni kwa mara ya kwanza mwaka 1996, akiwa tayari mtu mzima. Wanorwei huanza utotoni, na hutaniana kwamba mtoto wao huzaliwa nazo miguuni.

Naye Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, alipelekwa Austria angali mtoto mdogo na huko akajifunza kuteleza milimani. Mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi. Kweli, samaki mkunje angali mbichi.

Sisi wa Mombasa hatuna theluji. Theluji yetu ni bahari. Je, mzazi, wanao wanaijua?

Kisiwa chetu kimezungukwa na maji: Kilindini upande huu, hori la Tudor upande ule. Ukipita karibu na Bandari ya Kale utawaona wavulana wakijirusha majini bila wasiwasi. Lakini waulize dada zao waliobaki nyumbani Kibokoni na Kuze. Wapo wanaosikia honi za meli kila siku, ila maji yakiwafika magotini huanza kulia. Wapo hata mama zao ambao hawajawahi kuzamisha kichwa baharini.

Hili si jambo la mchezo tu. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na nchi kavu na watu 272 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba kujua kuogelea kungeliwaokoa wote, kwani feri ilikuwa imejaa kupita kiasi. Hata hivyo, msiba ule ulitukumbusha kwamba anayeishi kisiwani hawezi kuyaepuka maji maisha yake yote. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya umri wa miaka 5.

Basi mzazi aanzie wapi? Aanzie nyumbani. Mpe mtoto wa miaka mitatu au minne beseni la maji, umfunze kutia uso na kupuliza mapovu. Usimwache peke yake hata kwa dakika moja, maana beseni nalo laweza kumzamisha mtoto. Akizoea maji usoni, nusu ya woga imekwisha.

Kisha chagueni mahali. Mkondo wa bandarini ni wa kina na una nguvu, na kando ya Mama Ngina mawimbi hupiga miambani. Huko si mahali pa kufundishia mtoto. Afadhali mvuke daraja la Nyali hadi ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, kule Bamburi. Pale mwamba wa mbali hupunguza nguvu za mawimbi na mchanga huteremka polepole.

Chagueni siku pia. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani yatosha kuwaongoza. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na maji hujaa na kupwa kwa nguvu. Siku za katikati, mwezi ukiwa nusu, ni za maji mafu, nayo huwa matulivu zaidi. Nendeni asubuhi kabla jua halijawa kali, maji yakijaa taratibu, wala si yanapotoka, kwa kuwa huvuta kuelekea kilindini. Miezi ya Kaskazi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu kuliko wakati wa Kusi.

Siku ya kwanza msifundishe chochote. Kaeni ukingoni, mawimbi yawapige miguuni, mtoto acheke. Siku ya pili mwingie hadi magotini. Siku nyingine mlaze chali, mkono wako ukiwa chini ya kisogo chake, aone kwamba maji yanambeba. Dakika 15 zatosha, kisha mtoke mkale mahamri yenu. Kamwe usimtupe mtoto majini eti azoee. Atakachozoea ni kukuogopa wewe na bahari pamoja. Akitimiza miaka 6 hivi, mtafutie mwalimu anayejua kazi yake.

Aidha, usiyaamini sana yale matyubu ya kukodi ufuoni. Mtoto huweza kuponyoka katikati, na mtu anayezama aghalabu hapigi kelele. Mzazi awe ndani ya maji pamoja na mtoto, umbali wa mkono, simu ikiwa imebaki kwenye kikapu.

Na mabinti je? Kuna wazazi wanaosita kwa ajili ya sitara. Wangewatazama jirani zetu wa Zanzibar. Kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea na kuokoana wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayositiri mwili mzima. Mtoto alihifadhi heshima yake na akahifadhi uhai wake. Isitoshe, upo usia mashuhuri unaonasibishwa na Sayyidna Umar, unaowataka wazazi wawafunze watoto wao kuogelea.

Mama, usibaki mchangani ukilinda viatu. Ingia nawe, hata kama hujui. Mtoto akimwona mama yake akijaribu na kumeza maji ya chumvi kidogo, ataona kwamba kuogopa si aibu. Boit alianza akiwa mtu mzima, akafika wa mwisho, lakini alifika. Wewe pia waweza kufika, na mwanao atakutangulia.

Jumapili ijayo, badala ya kuketi barazani, itazameni kalenda kwanza, kisha mfunge kikapu chenu.