Kabla ya Kulipia Windows 11, Jua Kompyuta Yako Ina Leseni Gani

Mtu akiniambia anatafuta leseni ya Windows 11 ya kununua, huwa namuuliza kwanza: hiyo Windows 10 uliyo nayo sasa, leseni yake ilitoka wapi? Wengi hawajui. Na asiyejua anaweza kulipia kitu ambacho tayari ni haki yake, au akalipia kitu ambacho muuzaji mwenyewe hana haki ya kukiuza.

Jambo hili limekuwa la haraka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya usalama ya kawaida kwa Windows 10, miaka kumi na ushei tangu itoke Julai 2015. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo. Inawaka, inafungua faili, inaingia intaneti kama jana. Lakini tundu la usalama likigunduliwa sasa, halizibwi tena kwa njia ya kawaida, na mtu anayeingia benki kwa kompyuta hiyo hiyo anayotunzia nyaraka za familia ana sababu ya kuhangaika. Wauza namba za leseni wanaujua wasiwasi huo, na wanauvuna.

Niseme mapema linalomgusa kila msomaji: mwenye Windows 10 halali, kwenye kompyuta inayokidhi masharti, hupewa Windows 11 bure. Windows 10 Home huwa Windows 11 Home, na Pro huwa Pro. Hakuna namba ya kununua. Unafungua Settings, unaingia Windows Update, na kama kompyuta inafaa utakuta toleo jipya linakusubiri. Gharama iliyopo ni ya bando tu, kwa kuwa mzigo wenyewe ni wa gigabaiti kadhaa.

Masharti yanayowakwamisha watu ni mawili. Kompyuta iwe na TPM 2.0, kifaa kidogo cha kutunza siri za usalama, ambacho mara nyingine kipo ila kimezimwa kwenye BIOS. Halafu prosesa isiwe ya zamani: kwa Intel, karibu zote zilizo chini ya kizazi cha 8 hukataliwa, na kwa AMD, baadhi ya Ryzen za mfululizo wa 2000 ndizo zinazoanza kukubalika. RAM ya GB 4 na diski ya GB 64 ni kiwango ambacho laptopu nyingi za leo zimekipita. Kwa wanaonunua laptopu za mtumba, ambazo ndizo zinazotumika katika nyumba nyingi za kwetu, tofauti ya mwaka mmoja wa kutengenezwa inaweza kuamua kila kitu. HP EliteBook 840 G3 na G4 hazipiti. G5 yenye prosesa ya kizazi cha 8 inapita. Lenovo ThinkPad T470 haipiti, T480 yenye prosesa ya kizazi cha 8 inapita. Soma namba ya prosesa kabla hujatoa pesa: Core i5-7300U ni kizazi cha 7, i5-8350U ni cha 8, na namba ikianza na 10 au 11, hicho ndicho kizazi chake. Zipo mbinu za kuukwepa ukaguzi huu, nami sizipendekezi kwa kompyuta ya nyumbani, maana Microsoft haitoi ahadi yoyote kwamba mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma itaendelea kupata masasisho.

Sasa leseni yenyewe. Mkataba wa Microsoft unaeleza kwamba programu haiuzwi. Unachopewa ni ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Kwa hiyo Windows ya Hawa na Windows ya Juma zinaweza kufanana kwenye kioo hadi doa la mwisho, na bado haki zao zikatofautiana, kwa kuwa ruhusa zilipita njia tofauti kuwafikia.

Njia iliyozoeleka zaidi ni ya kiwandani, inayoitwa OEM. HP, Dell, Lenovo na wengine huilipia Windows na kuiweka kwenye mashine kabla haijatoka. Tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, namba ya leseni hii kwa kawaida huandikwa ndani ya chipu kwenye bodi kuu, wala haichapwi tena kwenye stika ya chini. Leseni ya OEM ni kama namba ya chesisi ya gari: huwezi kuing'oa ukaipeleka kwenye gari jingine. Mashine ikiuzwa, leseni inamfuata mnunuzi; bodi ikiungua, leseni inaondoka nayo. Wengi huliona hilo kuwa kizuizi, lakini lina faida kubwa. Unaweza kufuta diski nzima au kununua SSD mpya, ukaweka Windows upya bila kuandika namba yoyote, na ukiunganisha intaneti mashine ikajitambulisha yenyewe. Mtu akikwambia kwamba kuformati kumekupotezea leseni na kwa hiyo ununue nyingine, muulize maswali zaidi.

Hapa ndipo kosa moja la mafundi wetu linapowaumiza wateja. Namba iliyo kwenye bodi ni ya toleo maalumu. Kama kiwanda kiliweka Home, na fundi akaweka Pro kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo kwenye flashi, namba haitaoana na Windows. Badala ya kurudisha Home, fundi anatafuta njia ya kuilazimisha Pro ikubali. Mteja anaondoka na mashine iliyobeba leseni halali asiyoitumia na leseni bandia anayoitumia.

Leseni inayonunuliwa peke yake, ile ya Retail, humfuata aliyeinunua. Unaweza kuitoa kwenye kompyuta ya zamani ukaiweka kwenye mpya, mradi isiwe kwenye mbili kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo ya mtu anayeunda kompyuta yake ya mezani kwa vipande na anayejua kwamba atabadili bodi baada ya miaka michache. Akiwa nayo, aiunganishe na akaunti yake ya Microsoft kabla hajagusa bodi, ili baada ya kubadili aweze kuieleza Windows kwamba vifaa ndivyo vilivyobadilika na mwenye leseni ni yule yule.

Njia nyingine ni ya mashirika: kampuni, vyuo, ofisi za serikali. Shirika hupata leseni za mashine nyingi kwa mkataba mmoja, na kwa Windows mkataba huo hukaa juu ya leseni nyingine ambayo kompyuta tayari inayo. Mashine huamilishwa ama kwa namba yenye idadi maalumu ya matumizi, ambayo ni MAK, ama kwa seva ya ofisi, ambayo ni KMS. Ya KMS hudumu siku 180 tu, kisha lazima mashine iwasiliane tena na seva.

Fikiria basi laptopu iliyotumika miaka minne katika kampuni moja ya Uingereza, ikauzwa kwa jumla, ikapita Dubai, ikafika dukani Kariakoo au Luthuli Avenue. Leseni ya kampuni ilibaki na kampuni, haikupanda meli. Ila mashine za aina ya EliteBook, Latitude na ThinkPad, kwa kuwa zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, mara nyingi zilitoka kiwandani na Pro yake kwenye bodi, na hiyo imesafiri nayo. Leseni halali unaweza kuwa nayo mkononi, imefunikwa tu na Windows ya haraka haraka iliyowekwa na muuza duka.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Fungua Command Prompt, andika slmgr /dli, ubonyeze Enter. Kisanduku kitakachotokea kitakuwa na neno OEM_DM, RETAIL, VOLUME_MAK au VOLUME_KMSCLIENT. Ukiona OEM_DM, tulia. Ukiona moja ya hayo ya VOLUME kwenye kompyuta ambayo ni mali yako binafsi na haisimamiwi na mwajiri wala chuo, kuna uwezekano mkubwa kwamba kuna kilichochezewa. Neno RETAIL linahitaji uangalifu, kwa sababu mashine zilizopandishwa bure kutoka Windows 7 au 8 huonyesha neno hilo hata kama asili yake ni kiwandani. Mlango huo wa kupanda bure kutoka matoleo hayo ya kale Microsoft iliufunga Septemba 2023. Ongeza amri ya slmgr /xpr: itakwambia kama uamilishaji ni wa kudumu au una tarehe ya kuisha.

Ukigundua leseni ni ya kuchezea, usikimbilie kununua. Nakili faili zako mahali salama, pakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, uiweke upya kwa toleo la kiwandani, na sehemu ya kuandika namba uiruke. Mara nyingi kazi huishia hapo.

Tuseme umehakikisha huna leseni, na unataka kununua. Kwa matumizi ya nyumbani, Home inatosha, na nalisema hili nikijua kwamba madukani neno Pro husikika kama heshima. Pro huongeza BitLocker kamili ya kufunga diski kwa siri, uwezo wa kuiendesha kompyuta yako ukiwa mbali kwa Remote Desktop, Hyper-V ya kuendesha kompyuta pepe, na kuiunganisha mashine na mtandao wa ofisi. Kama hakuna hata kimoja ulichokuwa unakitafuta, usiilipie. Bei rasmi ya Microsoft nchini Marekani imekuwa dola 139 kwa Home na dola 199.99 kwa Pro, na kupanda kutoka Home hadi Pro ni dola 99. Maana yake anayenunua Home leo na kuhamia Pro baadaye hulipa dola 238. Kwa hiyo anayejua ataihitaji Pro aanze nayo. Na kwa bei hizo, aliye na laptopu ya mtumba afanye hesabu nyingine pia: je, si afadhali kuongeza kidogo akanunua mashine ya kizazi cha 8 iliyo na leseni yake?

Kuna toleo jingine la kuangaliwa, Home Single Language, linalokuja na baadhi ya laptopu mpya za bei nafuu. Hilo hukaa na lugha moja tu ya kuonyesha. Likipanda kwenda Windows 11 hubaki vile vile. Familia inayotaka mashine moja ibadilike kati ya lugha mbili iliulizie kabla ya kununua.

Vipi zile namba zinazouzwa mtandaoni kwa dola chache? Nyingi ni namba za MAK zilizovuja kutoka kwenye mashirika, za OEM zilizong'olewa kwenye mashine zilizokufa, au zilizotolewa kwa ajili ya wanafunzi na waandishi wa programu. Baadhi ya wauzaji hujitetea kwa hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ya tarehe 3 Julai 2012, kati ya UsedSoft na Oracle, iliyoruhusu leseni za programu zilizotumika kuuzwa tena. Hukumu hiyo ipo kweli. Lakini ni sheria ya Ulaya, na ilitaka muuzaji wa kwanza aifanye nakala yake isitumike tena, wala asikate vipande leseni ya watumiaji wengi akauza rejareja. Namba iliyotumwa kwa barua pepe haikuonyeshi lolote kati ya hayo. Kompyuta ikiikubali haimaanishi umepata haki, na Microsoft ikiifunga kesho huna wa kumdai.

Kinachonisumbua zaidi ni zile programu za kuiamilisha Windows kwa nguvu, zinazojifanya seva ya KMS. Karibu zote zinakutaka uzime kinga ya virusi kwanza, na mtu anaizima kwa mkono wake. Desemba 2021, kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi vifurushi bandia vya KMSPico, mojawapo ya programu hizo, vilivyokuwa vikisambaza Cryptbot, programu inayoiba nywila na taarifa zilizohifadhiwa kwenye vivinjari. Kama huna pesa ya leseni kwa sasa, ni salama zaidi kuiacha Windows bila kuamilishwa huku ukijipanga. Itaweka maandishi pembeni mwa kioo na kukuzuia kubadili mapambo, ila masasisho ya usalama itaendelea kuyapokea. Kimkataba hiyo si hali ya kudumu, lakini angalau hujamkaribisha mwizi.

Wapo ambao mashine zao haziwezi kabisa kubeba Windows 11. Kwao Microsoft ilitangaza mpango wa kuongeza masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 zinazotosha kompyuta 10 za akaunti moja, au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta kwenye akaunti yake ya Microsoft. Windows 10 yenyewe iwe toleo la 22H2. Ni nafasi ya kupumua, na haipandishi mashine popote.

Kwa mashine kama hizo, Windows si njia pekee: EliteBook G3 yenye afya ina miaka mingi ya kazi mbele yake ikipewa mfumo wa Linux. Mint 22 na Ubuntu 24.04, ambazo ni aina za Linux, zitahudumiwa hadi 2029, na sehemu kubwa ya programu zake inatolewa kwa leseni, kama GPL, zinazokuruhusu kunakili, kuweka kwenye kompyuta zote za nyumbani na kumpa jirani. Anayetegemea programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa Windows pekee asihamie bila kupata mbadala wake. Wengine waiwashe kwanza kutoka kwenye flashi, bila kuigusa diski, waone kama Wi-Fi, sauti na printa vinaitikia, ndipo waamue.