Ukienda karibu na moto, angalia nguo yako

Wanamemba wa koperativi, kiangazi ni wakati wa kufyeka na kuchoma mashamba. Jioni tena, mama anapika kwenye mafiga, mtoto mgongoni. Tunaangalia upepo, lakini nguo tunaisahau. Nguo za nailoni na poliesta zikishika moto zinayeyuka na kugandama kwenye ngozi. Kikwembe cha pamba hakiyeyuki, lakini kinawaka mbio.

Sufu, ni kusema manyoya ya kondoo, ni tofauti. Kondoo wetu wa hapa Lubondja wana nywele fupi tu, kwa hiyo sufu tunaipata katika mabulangeti na makoti ya mitumba. Inahitaji joto la digrii 570 hivi ili iwake. Haiyeyuki, na ukiiondoa kwenye moto, mara nyingi inazimika yenyewe.

Viwanda vinaiongezea nguvu. Tangu miaka ya 1970 kuna njia inayoitwa Zirpro: sufu inalowekwa katika maji ya moto yenye asidi na dawa ya madini ya zirkoni. Dawa inaingia ndani ya unyuzi na kushikamana nao, ndiyo maana inavumilia kufuliwa mara nyingi. Dawa ya boraksi inapakwa juu tu. Ukifua, inaenda na maji. Kwa hiyo mtu akikuuzia nguo «isiyowaka», muulize: ikifuliwa je? Na dawa hizo tusizijaribu nyumbani.

Namna ya kujua nguo yako: chomoa nyuzi chache, zishike na koleo, ziwashe nje, maji yakiwa karibu.
- Harufu ya nywele, majivu yanayovunjika: sufu.
- Harufu ya karatasi, majivu laini: pamba.
- Inayeyuka, inaacha kidonge kigumu: poliesta au nailoni. Hiyo usiende nayo kuchoma shamba.

Hata sufu inaungua moto ukizidi. Nguo ya mtu ikiwaka, asikimbie. Alale chini, ajiviringishe, mumfunike na bulangeti la sufu. Halafu mumwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Musipake mafuta wala dawa ya meno. Nguo iliyogandama musiivute. Mumpeleke kituo cha afya.

Kabla ya kuchoma shamba, kila kikundi kiweke bulangeti moja la sufu na ndoo za maji pembeni. Bulangeti lijaribiwe kwanza.