Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wengi wetu tuliosoma huku Bungoma na Kitale tunakumbuka: ukichelewa shuleni, unapewa jembe. Ukipiga kelele darasani, jembe. Tukakua tukijua kwamba kushika udongo ni adhabu. Leo kijana amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani tu, na shamba la babake limechoka kwa mahindi juu ya mahindi. Tukimwambia aende kujifunza mambo ya misitu na kilimo hai kwa vitendo, anauliza: "Yaani nimesoma yote hayo nirudi kwa jembe?"

Swali lake ni la haki. Hebu tueleze mafunzo hayo hufanya nini.

Mahali pazuri pa kuanzia ni msituni. Msitu wa Kakamega, ulio kusini ya Webuye, ni kipande cha mwisho upande wa mashariki cha ile misitu ya mvua ya Kongo. Humo mwanafunzi asiishie kutajiwa majina ya ndege na miti. Apige magoti, afunue majani makavu kwa mikono yake. Juu ataona majani mazima, chini yake yaliyooza nusu, chini zaidi udongo mweusi wenye unyevu na minyoo. Nani alipeleka mbolea ya dukani huko? Hakuna. Majani huanguka, wadudu na ukungu huyaozesha, mizizi hunyonya tena. Miti ikikatwa yote, mzunguko huo hukatika, na mvua hubeba udongo ulio uchi. Shamba letu ambalo mabua huchomwa kila mwaka linaumwa ugonjwa huo huo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Baada ya kutazama, kazi. Hapa jirani na Kitale, Kituo cha Kilimo cha Manor House kilianza mwaka 1984 kufundisha vijana na wakulima njia ya kulima mara mbili. Inafanyika hivi:

1. Pima kipande cha upana wa mita 1 na nusu na urefu wa mita 6.
2. Chimba mtaro wa kina cha sentimita 30 upande mmoja. Udongo wake weka kando.
3. Legeza udongo wa chini sentimita 30 nyingine kwa jembe la meno, bila kuutoa.
4. Chimba mtaro wa pili. Udongo wake ujaze wa kwanza. Endelea hivyo hadi mwisho, kisha rudisha ule uliouweka kando.
5. Changanya mboji juu, upande mboga karibu karibu.

Mizizi itashuka chini badala ya kugombania nafasi juu, na majani yatagusana na kufunika udongo kama kule msituni.

Mboji nayo ni tabaka: mabua, majani mabichi, samadi, udongo kidogo, maji, halafu rudia. Yale maua ya manjano ya kwenye ua, amalulu, yana naitrojeni nyingi na huoza upesi. Chomeka fimbo ndefu katikati. Ukiichomoa ikiwa na joto, rundo linafanya kazi.

Hatuwadanganyi: kipande cha kwanza kinaweza kukumaliza siku nzima, na mboji hungojewa miezi miwili mitatu. Lakini kinachoua mafunzo haya mara nyingi si uchovu. Kijana anarudi nyumbani na daftari limejaa, baba anamwambia, "Shamba ni langu, ngoja urithi." Msimu unapita, daftari linaliwa na mchwa.

Wazazi, tunawasihi: mpeni hizo mita 6 kwa msimu mmoja, kando ya mahindi yenu, mlinganishe wenyewe wakati wa kuvuna.

Na wewe kijana, si jembe lile lile. La shule lilikuwa la kumaliza adhabu. Hili unajua kila pigo linafanya nini.